Tuache Kuitikia "Sawa Daktari"

Kila ukoo una msomi wake wa hospitali. Kama unasoma makala hii, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni wewe. Haijalishi unasoma uhandisi, ualimu au utalii. Siku ndugu akilazwa, simu inapigwa: "Wewe ndiye umesoma, njoo uongee na daktari." Nauli inatoka kwenye bumu, unapanda basi, unafika wodini ukiwa hujui hata ini liko upande gani.

Mimi nasoma uhasibu, mwaka wa tatu. Mwaka jana niliitwa kwa ajili ya mjomba wangu. Ana sukari ya miaka mingi. Alikanyaga msumari shambani asihisi kitu, maana sukari ikikaa muda mrefu mwilini huua hisia za miguuni. Alikuja kushtuka alipoona damu kwenye kandambili. Akatia maji ya chumvi, akafunga kitambaa, akaendelea na palizi. Mpaka anafikishwa hospitalini, vidole viwili vya mguu wa kulia vilikuwa vyeusi.

Daktari alikuwa kijana, mstaarabu, amechoka. Aliposikia mimi ni mwanachuo alionekana kupata ahueni, akanieleza hali ya mgonjwa kwa Kiingereza kwa dakika kama mbili. Mimi nilidaka mambo mawili tu: kukata, na haraka. Kuna neno jingine alilolirudia rudia ambalo sisi wa uhasibu tunalijua kwa maana ya tarakimu. Nikajiuliza tarakimu zimeingiaje kwenye mguu wa mjomba. Lakini sikuuliza. Nimetoka chuo kikuu, nitaulizaje maana ya neno la Kiingereza mbele ya wodi nzima? Nikatikisa kichwa. "Sawa daktari."

Alipoondoka mjomba akaniuliza, "Wanasemaje?"

"Wanataka kukata, mjomba."

"Kukata mguu?"

Nikanyamaza. Ukimya wangu ukawa ndiyo jibu.

Mjomba akakataa. Akasema mkulima bila mguu ni mzigo, bora afe nao. Tukatia saini ya kumtoa, tukarudi nyumbani. Baada ya wiki tano tulirudi naye akiwa hajitambui kwa homa, na safari hii mguu ukakatwa chini ya goti. Alipopata nafuu, daktari mwingine alisoma faili la mwanzo, akatushangaa: mbona mara ya kwanza mlikataa, na ilikuwa vidole viwili tu? Ndipo nilipojua kwamba kwa madaktari lile neno la tarakimu maana yake ni vidole.

Mjomba aliniangalia kwa muda mrefu. "Vidole viwili tu, mjomba? Ningewapa."

Sisemi kwamba kukata vidole viwili kungeuokoa mguu kwa hakika. Sukari haina adabu, na kidonda cha aina ile huweza kupanda hata baada ya kukatwa. Ninachosema ni kwamba mjomba alikataa kitu ambacho hakuna mtu aliyekuwa amemwomba. Watu watatu tulikuwa pembeni ya kitanda kimoja, uamuzi mkubwa ukafanyika, na mwenye mguu ndiye pekee ambaye hakuelezwa.

Nimeshajilaumu vya kutosha, na naendelea. Lakini naomba tulaumu pia utaratibu uliotuzoesha hivi. Wenzetu wanaosomea udaktari wanakaa darasani miaka mitano na kufanya mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo. Vitabu Kiingereza, mitihani Kiingereza, ripoti za asubuhi Kiingereza. Kisha wanakabidhiwa mgonjwa anayezungumza Kiswahili, au Kigogo, au Kisukuma, na tunategemea tafsiri itajitokeza yenyewe. Haijitokezi. Ndiyo maana msomi wa ukoo anageuzwa mkalimani, hata kama fani yake ni kufunga mahesabu.

Nikiwaeleza marafiki zangu wa udaktari, hunijibu kwa hoja tatu. Nitazitaja zote, maana si za kupuuza.

Ya kwanza wanasema Kiswahili hakina maneno ya kitabibu. Hii naikataa kabisa, na ushahidi tunao hapa hapa nyumbani. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983. Ugonjwa ulikuja na msamiati mgumu kuliko hata wa kisukari: kinga, virusi, dawa zinazoizuia virusi isizaliane. Leo nenda kijiji chochote, utamkuta bibi asiyejua kusoma anayekueleza kuhusu "kufubaza virusi", "wingi wa virusi" na kwa nini dozi hairukwi. Nani alimfundisha? Alikaa kwenye kiti mbele ya mshauri nasaha, akaongeleshwa kabla ya kipimo na baada ya kipimo, akaulizwa ameelewa nini, akapewa nafasi ya kulia na ya kuuliza. Tulilazimika kuongea, tukaongea, na maneno yakapatikana. Sasa kwa nini mtu anayepimwa VVU aongeleshwe, halafu anayekatwa mguu apewe fomu?

Ya pili wanasema muda hautoshi. Hii ina ukweli. Foleni ya wagonjwa wa nje tunaiona, na daktari mmoja akipita kwenye vitanda arobaini asubuhi huwezi kumdai hotuba. Lakini tuhesabu kihasibu. Dakika tano ambazo hazikutumika kumweleza mjomba ziligharimu wiki za kitanda, chupa za damu, dawa za gharama na saa za chumba cha upasuaji, mbali na mguu wenyewe. Mgonjwa asiyeelewa hurudi, na akirudi huwa amezidiwa. Hapo muda unaliwa zaidi.

Ya tatu inasemwa kwa sauti ya chini: ukimweleza mgonjwa kila kitu ataogopa, ataamua vibaya. Wanaosoma sheria humu chuoni wataikumbuka kesi ya Nadine Montgomery, ambayo Mahakama ya Juu ya Uingereza iliiamua mwaka 2015. Huyu alikuwa mama wa Scotland, mfupi wa umbo na mwenye kisukari. Daktari wake hakumweleza hatari ya mabega ya mtoto kukwama wakati wa kujifungua, kwa kuhofia kwamba akielezwa ataomba upasuaji. Mabega yakakwama kweli, na mtoto akazaliwa na ulemavu. Mahakama ikasema daktari ana wajibu wa kumweleza mgonjwa hatari ambazo mtu aliye katika hali kama yake angeona zina uzito. Kwa lugha yetu: huwezi kumficha mtu habari ili achague unavyotaka wewe, halafu ukasema amechagua.

Na tukumbuke, mgonjwa aliyeelewa anaweza bado kukataa. Hiyo ni haki yake. Mjomba angeelezwa vizuri na akasema hapana, leo ningelala usingizi.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Walikuwa wanamwambia mgonjwa. Na sisi wagonjwa kweli tuna sehemu yetu ya lawama. Tumelelewa kwamba kumuuliza daktari ni utovu wa heshima, kama vile unatilia shaka elimu yake. Hata sisi vijana, wabishi wa vimbweta, tukiingia zahanati ya chuo tunakuwa wapole kama kondoo. Unaambiwa una UTI na taifodi, kama kawaida, unapewa karatasi, unatoka. Roommate akikuuliza umeambiwaje, unamwonyesha bahasha ya dawa: moja mara tatu. Hujui dawa ni ya nini, hujui ungeambiwa usubiri ingekuwaje. Umeitikia tu, sawa daktari.

Kuna maswali matatu ambayo watafiti wa Australia waliwafundisha wagonjwa kuyauliza, na ninayaweka hapa kwa Kiswahili cha kwetu. Njia zilizopo ni zipi, pamoja na ile ya kusubiri bila kufanya kitu? Kila njia ina faida gani na madhara gani? Na kwa mtu kama mimi, uwezekano wa hayo kutokea ni mkubwa kiasi gani? Basi. Hayahitaji digrii na hayamvunjii mtu heshima. Unaweza hata kuanza na "samahani daktari, naomba nielewe." Kuuliza si ujinga.

Kwa upande wa daktari, kuna swali moja tu la kumalizia mazungumzo. Usiulize "umeelewa?" kwa sababu Mtanzania akiulizwa kama ameelewa atasema ndiyo hata kama jengo linaungua. Uliza hivi: "Mzee, ukifika nyumbani utamwelezaje mama?" Mjomba angeulizwa swali hilo angejibu, "Nitamwambia mnataka kuukata mguu wangu." Na daktari angesema, "Hapana mzee, vidole viwili, hivi hapa." Sekunde kumi.

Tusisahau pia kwamba kwetu mgonjwa haamui peke yake. Kuna mama, kuna kaka mkubwa, kuna shangazi ambaye neno lake ndilo la mwisho. Madaktari wengi huona kikao cha ukoo kama usumbufu. Mimi nakiona kama msaada, mradi mgonjwa mwenyewe ameridhia. Waite wote mara moja, ongea nao mara moja, kwa lugha inayoeleweka. Vinginevyo kikao kitafanyika tu, nje chini ya mwembe, kikiongozwa na mtu kama mimi ambaye hajui alichoambiwa.

Sasa, serikali yetu ya wanafunzi inaweza kufanya nini? Hatuna bajeti ya kuajiri madaktari. Lakini tuna watu. Tuna wanafunzi wa Kiswahili wanaotafuta mada za utafiti, na vyuo vya afya vina wanafunzi wanaoelekea wodini. Tuwakutanishe. Waandae orodha ya maneno mia moja yanayotumika zaidi wodini, kila moja na maelezo yake kwa Kiswahili cha mtaani: si "biopsi" tu, bali "tutachukua kinyama kidogo tukakipime kama kina saratani." Waijaribu kwa wapishi wetu wa kantini na madereva wa bodaboda pale getini, wasipoelewa, iandikwe upya. Yale maswali matatu yachapwe kwenye kadi, yabandikwe kwenye mlango wa zahanati ya chuo. Tuanze na sisi wenyewe.

Kisha tudai makubwa zaidi. Tangu mwaka 2021 sheria inataka Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zetu, ili mtu aelewe kesi inayomhusu. Mwili unamhusu mtu kuliko kesi yoyote. Fomu ya ridhaa niliyoiona kwenye faili la mjomba ilikuwa ya Kiingereza, na chini yake kulikuwa na alama ya dole gumba. Fomu kama hizo ziandikwe kwa Kiswahili nchi nzima, na kumweleza mgonjwa kwa Kiswahili kuwe sehemu ya mtihani wa vitendo wa daktari, kitu anachoweza kukifeli na kukirudia kama somo lolote.

Mjomba anatembea kwa magongo sasa. Shamba amekodisha, amefungua genge dogo la nyanya na vitunguu mbele ya nyumba. Likizo iliyopita nilimsindikiza kliniki. Daktari alianza kuniongelesha mimi, kwa Kiingereza, kama ilivyo ada. Nikamwomba samahani, nikamwambia mgonjwa ni yule pale, na Kiswahili anakijua vizuri kuliko mimi. Daktari akacheka, akageuza kiti. Waliongea dakika nane. Mjomba aliuliza maswali manne, na mawili kati ya hayo mimi nisingeyafikiria.