Mzee, Hao Ng'ombe Walitoka Wapi?

Simtaji jina. Anajijua, na nusu ya Tarime inamjua. Kwenye harusi moja juzi kashika maiki, ubwabwa umeshaliwa, akaanza: vijana wa siku hizi wavivu, kazi yao boda na simu, yeye akiwa na miaka 22 alikuwa na mke, mji wake na zizi limejaa. Watu wakapiga makofi. Mimi nilinyamaza kwa heshima, ila leo niacheni niseme.

Mzee wetu, hao ng'ombe wa mahari walitoka wapi? Sote tunajua. Kwetu Ukuryani kijana alioa kwa ng'ombe walioletwa na dada yake. Dada anaolewa, ng'ombe wanaingia zizini, kaka anatoka nao kwenda kutafuta mke. Kwa hiyo huo mji unaojivunia umejengwa na binti aliyekeketwa Desemba akaozwa kabla hajaulizwa anataka nini. Jasho lako lipo, sikatai. Lakini mtaji haukuwa wako.

Halafu ardhi. Enzi zenu baba anakuonyesha kwa fimbo: kuanzia hapa mpaka ule mti. Leo nenda Nyamongo. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji 2002, na walipokuwa wanachimba wachimbaji wadogo sasa kuna ukuta na walinzi. Kijana akiingia kuokota mawe anaitwa mvamizi, na wapo waliopigwa risasi wakafa. Wengine wamebaki na tegesha, unasimamisha kibanda haraka haraka ili ulipwe fidia. Ni ujanja, siutetei, ila mwenye shamba la maana hahangaiki kujenga nyumba ya kubomolewa. Upande wa Serengeti ndiyo usiseme. Ikorongo na Grumeti yalitangazwa mapori ya akiba 1994, ukilima jirani yake, mahindi unapanda wewe, anavuna tembo.

Sasa na nyie vijana wenzangu, msinipigie makofi bado. Mkisema maisha yamekuwa magumu kuliko zamani, mnajisemea nyie wanaume. Mama yako Desemba ile angekimbilia wapi? Leo binti anatoroka usiku anafika Masanga, au nyumba salama ya Mugumu, na kumkeketa aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu sheria ya 1998. Kwake yeye leo ni afadhali, japo bado anakimbia ndugu zake mwenyewe. Na kati ya hao ndugu wapo wa umri wetu, wana simu kubwa, wanajua kila kitu cha mjini, lakini wanapiga hesabu ya ng'ombe wa dada. Jamani! Mtu huyo atamcheka vipi mzee?

Tena siku ile ya harusi dada yake mzee alikuwepo. Nilimwona nyuma ya turubai, anasugua masufuria. Maiki haikufika kule.