TAHARIRI: Kabla ya pilau la harusi, ulizaneni habari za kodi

Msimu wa harusi ukifika huku Marekani, Waswahili tunajipanga vizuri. Kamati inaundwa, michango inaitishwa, ukumbi unalipiwa, na kina mama wanahesabu kilo za mchele. Na mtoto akiwa njiani, furaha inakuwa maradufu. Lakini ni nadra kumsikia mjumbe wa kamati akiwauliza maharusi: je, mambo ya kodi mmeyazungumza?

Kwa maoni yetu swali hilo ni la lazima, kwani gharama ya kulikwepa huja Aprili, wakati kamati imeshavunjwa na wageni wameshasahau utamu wa pilau.

Kwanza ni tarehe. Sheria ya kodi huangalia hali yako siku ya mwisho ya mwaka. Aliyefunga ndoa Desemba 31 huhesabiwa ana ndoa mwaka mzima. Mtoto naye akizaliwa siku hiyo, hata saa tano usiku, huhesabiwa wa mwaka mzima. Akichelewa hadi baada ya saa sita usiku, ni wa mwaka unaofuata. Kwa kodi ya mwaka 2025, nafuu ya mtoto mmoja ilifika dola 2,200, tena inayopunguza kodi yenyewe. Lakini mtoto lazima awe na namba ya Soshal Sekyuriti, hivyo wazazi waiombe palepale hospitali wanapojaza karatasi za cheti cha kuzaliwa.

Pili ni cheti cha ndoa. Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Ndoa iliyofungwa kihalali Tanzania au Kenya hutambuliwa na IRS. Lakini nikaha au ibada iliyofanywa hapa Marekani bila leseni ya kaunti, katika majimbo mengi si ndoa mbele ya sheria, hata kama walihudhuria watu mia tatu. Hao hawawezi kujaza fomu pamoja kama mume na mke, na mtoto ataandikwa na mzazi mmoja tu.

Kinyume chake pia ni kosa. Mwenye ndoa halali hana ruhusa ya kujiandika kuwa hajaoa kwa sababu tu mkewe bado yuko Tanga au Mombasa. Maafisa wa uhamiaji huzitaka karatasi za kodi za anayemwombea mwenzake viza. Utamweleza nini afisa, iwapo faili moja linasema una mke na jingine linasema huna?

Tatu ni kazini. Baada ya harusi kila mmoja ajaze upya fomu W-4. Mume na mke wote wakiwa na kazi, na kila mmoja akajaza kana kwamba ni yeye peke yake anayeleta mshahara nyumbani, waajiri watakata kodi pungufu. Deni litawasubiri mwisho wa msimu.

Nne ni saini. Kujaza pamoja mara nyingi kuna faida. Kwa mwaka 2025 kipato cha dola 31,500 za mwanzo za mume na mke hakikutozwa kodi ya mapato ya serikali kuu. Lakini wote wawili wanatia saini, na kila mmoja anawajibika kwa deni lote. Basi mchumba aulizwe mapema, bila kuona haya: una deni la kodi? Umejaza fomu za miaka iliyopita?

Wapo watakaosema maswali haya yanaondoa mapenzi. Sisi tunasema yanayalinda. Mali bila daftari hupotea bila habari, na nyumba nyingi zimetikisika kwa barua moja ya deni ambalo mmoja alilijua na mwenzake hakulijua.

Kamati za harusi, ongezeni jambo hili kwenye ajenda. Jioni moja na mtaalamu wa kodi mwenye leseni ni zawadi itakayodumu kuliko seti ya vyombo.