Siasa ya afya: kuitwa kusikiliza si kuulizwa

Kila mara ugonjwa unapoingia katika mtaa, mambo yanafuatana vilevile. Gari linapita na megafoni. Wakuu wa avenue wanaitwa kwenye mkutano, mapadri na wachungaji wanaombwa kutangaza kanisani, redio inapewa ujumbe wa kusoma. Hiyo yote inaitwa kushirikisha jamii. Lakini ukiuliza ni nani aliamua chanjo ianzie wapi, wafu wazikwe namna gani, na pesa ziende wapi, utasikia kwamba mambo yalishaamuliwa zamani, mbali na mtaa. Mwananchi anaitwa ili asikilize, basi.

Tofauti hiyo si ya maneno tu. Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliilipa kwa roho za watu.

Beni na Butembo zilifundisha nini

Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kule Mangina, katika teritware ya Beni. Ilitangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020. Kati ya wagonjwa 3,470, watu 2,287 walikufa. Chanjo ilikuwepo na ilikuwa inafanya kazi. Waganga walikuwepo, pesa pia. Kilichokosekana ni kuaminiana.

Wakaaji hawakukataa kwa sababu ya ujinga. Tangu 2014 watu wa Beni walikuwa wanazika ndugu zao waliouawa kwa mapanga, na hawakuona magari mengi namna ile yakija kwa ajili yao. Surua nayo ilikuwa inamaliza watoto nchini: kufikia Januari 2020 ilikuwa imeshaua watu zaidi ya 6,000, kupita Ebola mara mbili. Malaria ilikuwa palepale kila siku. Watu wakauliza swali la haki kabisa: kwa nini ugonjwa huu mmoja tu ndio unaletewa pesa zote hizi?

Jibu halikuja. Kilichokuja, mwishoni mwa Desemba 2018, ni uamuzi wa CENI wa kusogeza uchaguzi wa Beni na Butembo hadi Machi, na Ebola ikatajwa kati ya sababu. Kesho yake watu waliingia barabarani, na kituo cha Ebola kule Beni kikashambuliwa. Februari 2019 ilikuwa zamu ya vituo vya Katwa na Butembo. Aprili, daktari Richard Mouzoko kutoka Kameruni aliuawa kwa risasi akiwa kazini Butembo. Hakuna malalamiko yanayoweza kuhalalisha mauaji hayo. Lakini hasira iliyokuwa mtaani ilikuwa na historia, na wenye kuongoza riposti walichelewa kuisikiliza.

Halafu kuna mambo yaliyosemwa chinichini tu. Mnamo Septemba 2021 tume huru iliyoundwa kwa ajili ya OMS ilitoa raporti: wanawake waliombwa ngono ili wapewe kazi katika riposti. Watuhumiwa walipita 80, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na OMS yenyewe. Wamama wale wangeshitaki kwa nani, wakati mwenye kupokea malalamiko ndiye mwenye kugawa kazi?

Mambo yalianza kubadilika pale watu walipopewa nafasi ya kubadilisha kitu. Familia ziliruhusiwa kusimama karibu na maziko na kumwombea mtu wao. Shirika ALIMA lilileta vyumba vyenye kuta za kuonesha, ili mama amwone mgonjwa wake na amsemeshe, badala ya kumwona anamezwa na hema. Waliopona Ebola walipewa kazi ya kulea watoto ambao wazazi wao walikuwa wamelazwa. Hayo yote hayakuhitaji dawa mpya. Yalihitaji mtu aulize, halafu akubali jibu.

Mlango upo, lakini umefungwa nusu

Wengi hawajui kwamba mlango wa kuulizwa upo tayari. Tangu mkutano wa Alma-Ata, mwaka 1978, mataifa yalikubali kwamba watu wana haki ya kushiriki katika kupanga huduma zao za afya. Kongo ina zaidi ya zoni za afya 500, zimegawanywa katika maeneo madogo, na kila eneo linapaswa kuwa na komite ya wakaaji inayoitwa CODESA. Kazi yake ni kukaa pamoja na muguzi mkuu wa kituo, kuangalia mapato na dawa, kupanga kazi, na kuleta malalamiko ya watu. Si kubeba megafoni tu.

Kwa nini basi komite nyingi zinakumbukwa siku ya chanjo ya polio peke yake? Sababu ya kwanza ni pesa. Kituo kingi kinaishi kwa makuta ya wagonjwa, maana waguzi wengi hawana mshahara wa serikali. Komite ikiuliza juu ya bei ya kujifungua, inagusa chakula cha muguzi. Pande zote mbili zinaona heri kunyamaza.

Sababu ya pili: pesa za wafadhili mara nyingi zinakuja na mpango wake tayari, ugonjwa gani, miezi mingapi. Hapo hata mganga mkuu wa zoni haulizwi. Atamuuliza nani?

Ya tatu inahusu jamii yenyewe. Anayesema kwa jina la watu si lazima awe ametumwa nao. Kuna marais wa komite wasiobadilishwa miaka na miaka, na mara nyingi ni wanaume, wakati wanaopiga foleni na watoto mgongoni ni wamama. Makanisa, ambayo yanaendesha hospitali na vituo vingi nchini, na mashirika ya kiraia pia, yanapaswa kujiuliza swali hilohilo.

Kuna wanaosema ugonjwa haungoji mikutano. Ni kweli. Tena hakuna anayeomba mtaa upige kura kama chanjo inafaa. Hiyo ni kazi ya wenye kuisomea. Lakini nani aajiriwe, timu ipite saa ngapi, maiti ivishwe namna gani, na magonjwa gani mengine yatibiwe pamoja, hayo wakaaji wanayajua kuliko mgeni.

Kwa hiyo kila mkaaji anaweza kuanza na maswali matatu kwenye kituo chake: wana-CODESA ni nani na walichaguliwa lini? Mapato na bei vimebandikwa ukutani? Na tangu mwaka jana, ni jambo gani moja lililobadilishwa kwa sababu wakaaji walilisema? Kama swali la tatu halina jibu, mikutano ilikuwa mingi lakini watu hawajaulizwa bado.