Kibanda cha chapati hukaguliwa, mbona si nyumba ya wazee?

Ukitaka kuuza chapati madondo hapa Nairobi, lazima upimwe afya na upewe cheti, na cheti chenyewe hakikai milele. Baada ya miezi sita unarudi kupimwa tena. Afisa wa afya anaweza kuingia, afunue sufuria, aulize maji ya kuoshea vyombo yanatoka wapi. Kanjo nao hawangoji kualikwa. Mama wa kibanda analijua hilo, na hata akilalamika anaelewa sababu: chakula kikiwa kibaya, watu wataumwa.

Sasa niambie. Ile nyumba ya wazee iliyo kwenye ploti yenye geti refu jeusi, ambamo watu wazima ishirini wanalala, wanalishwa, wanaoshwa na kupewa dawa, nani aliingia mara ya mwisho bila kupiga simu kwanza?

Hujui. Majirani pia hawajui. Na kama yupo anayejua, hajatuwekea jibu mahali tunapoweza kulisoma.

Najua unachotaka kusema. "Hiyo hainihusu, shosho yangu yuko ushago na hatuwezi kumpeleka huko." Sawa, lakini hebu tupige hesabu pamoja. Sensa ya 2019 ilipata Wakenya takriban milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Shosho alizaa watoto wanane, mamako akazaa watatu, na wewe unasema utazaa mmoja au usizae kabisa. Ndugu yako mmoja yuko Doha, mwingine Eldoret, na wewe uko kwenye bedsita ya Roysambu ambayo kitanda na jiko vinasalimiana. Mathe akipata kiharusi leo, nani atamgeuza usiku? Nani ataacha kazi? Hili swali linakuja kwetu, na linakuja mbio.

Kwa sababu tunaona haya kulizungumzia, makao ya wazee yanaongezeka kimyakimya. Mengine ni ya makanisa, na kuna watu humo wanafanya kazi ngumu kwa moyo safi. Mengine ni biashara za watu binafsi. Familia zinapeleka mzee usiku, zinaambia majirani ameenda kwa binamu. Lakini kitu kinachofichwa hakikaguliwi. Aibu yetu inawalinda wenye makao wabaya kuliko inavyotulinda sisi.

Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Nyumba ya wazee si biashara kama zile nyingine.

Ukila nyama choma mbaya, hurudi pale. Kinyozi akikuharibu kichwa, unamwanika TikTok. Makanga akikutukana, kesho unapanda matatu nyingine. Wewe ndiye unayelipa na wewe ndiye unayehudumiwa, kwa hivyo ukikasirika biashara inasikia.

Kwa nyumba ya wazee, anayetuma M-Pesa kila mwisho wa mwezi ni mtoto au mjukuu. Anayelala kwenye kile kitanda ni mtu mwingine, na pengine amesahau hata jina la huyo anayelipa. Hana simu. Hawezi kutoka getini. Akisema amelala njaa, anaambiwa ni uzee unaongea. Na hata kama akili yake ni timamu kabisa, ataogopa kusema, kwa sababu ukishaondoka atabaki na yule yule aliyemshtaki.

Biashara hujifunza kumpendeza anayelipa. Ndiyo maana sebule ya mbele itakuwa na makochi safi. Ndiyo maana utatumiwa picha kwa WhatsApp, shosho amevalishwa nguo nzuri, anakata keki. Sisemi picha ni ya uongo. Nasema imepigwa kwa ajili yako. Kazi ya mkaguzi ni kuangalia vile visivyopigwa picha: choo cha nyuma, kabati la dawa, mgongo wa mzee ambaye hajashuka kitandani tangu Jumatatu.

Sheria inasema nini? Kifungu cha 57 cha Katiba kinataka serikali ihakikishe wazee wanaishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na wanapata matunzo kutoka kwa familia zao na kwa serikali. Soma hapo mara mbili: familia na serikali. Katiba hiyohiyo imezipa kaunti huduma za afya, leseni za wanaouzia umma chakula, na kazi ya zimamoto. Kwa hivyo usikubali kuambiwa hakuna mtu mwenye mamlaka ya kugonga geti lile.

Shida ni kwamba kazi imekatwa vipande vipande. Wizara inayoshughulikia ulinzi wa jamii ina wazee. Kaunti ina afya na moto. Halafu kuna kuchanganyikiwa kwa majina. Hapa kwetu, ukiona kibao cha "nursing home" mtaani, mara nyingi hiyo ni hospitali ndogo ambapo watoto wanazaliwa, na hospitali huwa na baraza la madaktari la kuipa leseni na kuikagua. Nyumba ya wazee isiyo na daktari inaweza kusema yenyewe si hospitali. Ukiuliza kama ni hoteli, itasema si hoteli. Basi ni nini? Ni nyumba tu yenye watu dhaifu ndani. Na nyumba tu, nani anaikagua?

Matokeo yake tumeyaona. Mwaka 2023, waandishi wa BBC Africa Eye waliingiza kamera kwa siri ndani ya makao ya wazee katika kaunti ya Kiambu, na Wakenya wakaona jinsi wazee walivyokuwa wakidhulumiwa na kutelekezwa. Tulikasirika mitandaoni, kama kawaida yetu. Lakini jiulize kwa nini ilibidi mwandishi wa habari ajifiche kamera kufanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa na afisa anayelipwa mshahara wa umma, mchana, akiwa na kitambulisho shingoni.

Na tumeona pia jinsi tunavyopenda kukagua baada ya mazishi. Septemba 2024, moto uliua wavulana 21 kwenye bweni la Hillside Endarasha, Nyeri. Baada ya hapo ndipo mabweni nchini yakakaguliwa kwa ukali, na Wizara ya Elimu ikafunga mabweni ya shule za msingi zaidi ya 340. Maana yake, hatari ilikuwa pale siku zote na watoto walikuwa wakilala ndani yake. Sasa chukua bweni kama hilo, weka ndani watu wasioweza kukimbia, wengine wasioweza hata kuamka. Weka vyuma kwenye kila dirisha kama tunavyopenda. Funga mlango kwa kufuli kwa sababu mzee mmoja huwa anatoroka. Ufunguo uko na mlinzi, na mlinzi ameenda kununua sigara. Unataka tungoje hiyo nayo?

Mambo haya vijana wengi mnayajua kunishinda. Kila kundi la WhatsApp lina mtu aliyesomea kozi ya kuhudumia wazee akaenda Uingereza au Marekani. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza hata zilitia saini mkataba wa kupeleka wahudumu wa afya wetu kule. Muulize huyo rafiki yako kazi ikoje. Atakwambia anaandika kila tembe anayompa mzee, saa ngapi, na kuweka sahihi. Anaandika alimgeuza saa ngapi. Anaandika alikunywa maji kiasi gani.

Kwa nini? Kwa sababu England kuna shirika linaloitwa Care Quality Commission. Wakaguzi wake mara nyingi huingia bila kutangaza. Wana maswali matano makubwa: wazee wako salama? Huduma inawasaidia kweli? Wahudumu wana utu? Kila mzee anasikizwa kivyake? Uongozi uko imara? Kisha nyumba inapewa alama moja kati ya nne, kuanzia bora kabisa hadi haifai. Ripoti inawekwa wazi kila mtu asome, na nyumba inalazimika kubandika alama yake mahali wageni wataiona. Marekani nako wanatumia nyota, moja hadi tano, tangu 2008.

Si ati kule hakuna maovu. Yapo, na mengi yanajulikana kwa sababu ripoti zao wenyewe zinayaanika. Lakini angalia jambo hili: mhudumu wa Kenya aliye kule na mhudumu wa Kenya aliye hapa wanaweza kuwa wamesoma darasa moja. Mikono ni ile ile, moyo ni ule ule. Tofauti ni kwamba mmoja anajua kuna mtu anaweza kufungua mlango sasa hivi. Mwingine anajua hakuna anayekuja hadi Jumapili, na hata huyo atapiga simu akiwa kwa stendi.

Kuna wanaopinga, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema ukileta sheria kali utafunga nyumba ndogo za makanisa zinazopokea wazee waliotupwa, na hao wazee watarudi barabarani. Ni kweli ukaguzi wa kijinga unaweza kufanya hivyo. Pia ni kweli afisa mwenye njaa anaweza kugeuza ukaguzi kuwa njia ya kuomba chai. Lakini tazama vitu ambavyo haviitaji doo nyingi. Daftari la dawa ni daftari tu. Orodha ya wakazi na jamaa zao ni karatasi. Kutofunga mlango wa kutokea usiku ni bure. Kumgeuza mzee asiyeweza kujigeuza kila baada ya saa mbili, ili asitoboke vidonda, kunahitaji mikono ya kutosha na saa ya ukutani. Tuanze na hivyo. Nyumba ikikosa vyuma vya kushikilia chooni, ipewe muda na isaidiwe kuviweka. Ikipatikana inapiga watu, ifungwe siku hiyo hiyo na wazee wahamishwe na serikali, si kumwagwa nje. Na dawa ya chai ni ileile ya England: ripoti iwekwe wazi. Ni vigumu kuuza alama nzuri kama kila jamaa anayetembelea anaweza kuisoma na kuilinganisha na anachokiona.

Ninachotaka ni vitu vitatu tu. Kila kaunti itoe orodha ya nyumba zote za wazee zilizo ndani yake. Kila nyumba ikaguliwe bila taarifa angalau mara moja kwa mwaka, na mara moja isiwe saa nne asubuhi. Iwe usiku, wakati kuna mhudumu mmoja kwa watu wengi. Na alama ibandikwe kwenye geti, kwa Kiswahili, ili hata mtu wa boda aliyemleta mzee aione.

Tunapongoja hayo, wewe unaweza kuwa mkaguzi. Kama mzee wenu yuko kwenye nyumba yoyote, acha kwenda saa sita mchana baada ya kanisa. Nenda siku ya kazi, jioni, bila kusema. Ukiingia, vuta pumzi kwanza. Pua haidanganywi na makochi. Angalia kama maji yako mahali mkono wake unafika. Omba kuona daftari la dawa. Uliza leo usiku watalala wahudumu wangapi, kisha muulize mhudumu swali hilohilo, si mwenye nyumba. Tafuta mtungi wa kuzimia moto, na uone kama mlango wa nyuma unafunguka. Omba kumsaidia kubadilisha nguo, ili uone mgongo, visigino na makalio. Mshike mkono uone kama amekonda. Halafu kaa naye peke yenu, mlango umefungwa, muulize taratibu, na unyamaze umsikize. Wakikataa ukae naye peke yenu, umeshapata jibu lako.

Na kama bado huna mtu huko, mtafute MCA wako. Yule anayekuomba kura kwa vibonzo vya TikTok. Muulize kwenye wadi yetu kuna nyumba ngapi za wazee, na zilikaguliwa lini mara ya mwisho. Akianza kuzungukazunguka, muulize mama wa chapati pale kwa stendi alikaguliwa lini.

Hilo atakuwa na jibu.