Meli Ina Daftari, Askari Je?

Hapa Loliondo bahari ni hadithi. Mtoto wa Wasso au wa Digodigo aweza kukua mpaka akaoa bila kuonja maji ya chumvi. Hata hivyo leo twataka kusema habari ya meli, na msomaji asicheke, maana jambo hili latuhusu sisi watu wa bara.

Mabeberu ni watu wa daftari. Chuma chao hukiandikia maisha yake kama vile mzee wetu anavyohesabu ukoo wake. Itazameni meli moja, jina lake Bachaquero. Ilijengwa Uingereza mwaka 1937 ili ichukue mafuta katika Ziwa Maracaibo kule Venezuela, penye maji haba, na kwa sababu hiyo tumbo lake halikuzama sana. Mwaka 1940 Wajerumani waliwafukuza Waingereza Ufaransa, wakaacha mizinga na magari yao kule Dunkirk. Wakaona hawawezi kurudi vitani bila meli inayoweza kufika ufukoni na kutema vifaru. Basi wakaichukua Bachaquero pamoja na nduguze wawili, Misoa na Tasajera, wakaikata pua, wakaitia mlango na daraja la kushukia. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa meli ya kushushia vifaru. Baadaye Wamarekani waliunda zaidi ya 1,000 za namna hiyo.

Na Bachaquero ilitumwa vitani kwanza wapi? Mlangoni petu. Tarehe 5 Mei 1942 ilikuwa Madagaska, kisiwa ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini, Waingereza walipokwenda kuwanyang'anya Wafaransa wa Vichy bandari ya Diego Suarez. Novemba mwaka ule ule ilikuwa Arzew, Algeria, ikishusha vifaru vya Wamarekani. Yote yameandikwa: aliyeijenga, siku, bandari, mzigo.

Sasa twauliza: kazi ya Madagaska ilimalizwa na nani? Meli ilikwenda zake. Mwezi wa Juni wakaletwa askari wa Keya, Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, na ndani yake kikosi cha 6, kilichokuwa cha Tanganyika. Tarehe 10 Septemba majeshi yalishuka Majunga, na Keya wakashika njia ya bara, zaidi ya kilomita 500, wakiondoa miti na mawe yaliyozibishwa barabarani. Tarehe 23 Septemba Tananarive ilianguka. Novemba Wafaransa walisalimu amri. Walikuwa watu wa bara kama sisi, waliovushwa bahari kupigania kisiwa kisicho chao, kati ya mabwana wawili wasio wao.

Wengine hawakufika hata vitani. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Waliokuwamo walikuwa 1,511. Walikufa 1,297, wengi wao wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki. Manowari za Kiingereza zikatupa mabomu majini kuitafuta nyambizi, na watu wao wenyewe wakiogelea pale pale.

Wako watakaotujibu: majina yao yamechongwa kwenye ukumbusho kule Nairobi. Kweli, na twakubali. Lakini jina juu ya jiwe si historia. Jiwe halisemi alikuwa mwana wa nani, alikwenda kwa hiari au kwa kukamatwa, alimwachia nani ng'ombe wake. Na wapagazi wa vita vya kwanza hata jiwe la majina yao hawakupata. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi hayo ilikiri katika taarifa yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Meli ya mafuta ina daftari. Mpagazi hana hata jina. Je, hiyo ni haki?

Kwenye fedha walihesabu vizuri sana. Hati ya jeshi iliyotangazwa magazetini mwaka 2019 ilionyesha kwamba bahashishi ya mwisho wa vita ilipimwa kwa rangi: Mwafrika alipata kama theluthi moja ya aliyopata Mzungu wa cheo kile kile. Risasi zilikuwa sawa, shilingi hazikuwa sawa. Na mwaka 1959, miaka 14 tu baada ya vita, serikali ile ile ya kikoloni iliwatoa Wamaasai Serengeti na kuwasukuma Ngorongoro na Loliondo. Iliyotuhubiria kupigania nchi ndiyo iliyotuambia kwamba nyasi si zetu.

Lakini lawama zote tusimtwike mkoloni. Tangu uhuru mwaka 1961 kalamu iko mkononi mwetu. Wako wenzetu wasemao, "Hayo yamepita, vita vile havikuwa vyetu." Hiyo ni kasumba. Vita havikuwa vyetu, lakini waliokufa walikuwa wetu. Mtoto wetu anajua majina ya majemadari wa Ulaya, hajui kama babu yake alifika Bama.

Aliyekuwa na miaka 18 vita vilipokwisha mwaka 1945, leo akiwapo ana karibu miaka 100. Hatuna muda. Twataka kila tawi la Chama, Loliondo mpaka Karatu, linunue daftari moja. Vijana waende Ololosokwan, Soitsambu, Samunge, wawakalishe wazee na wajane na watoto wao, waandike: jina, ukoo, kijiji, alichukuliwa mwaka gani, alipelekwa wapi, alilipwa nini, aliporudi alikuta nini. Daftari likijaa, linunuliwe jingine.

Mabeberu hawatatuandikia. Wao wana meli zao za kutunza. Sisi tuna watu.