"Bado Tunajipanga": Harusi Inapoizuia Ndoa

Sisi mafrateri tunapotumwa parokiani wakati wa likizo, mara nyingi tunatembelea familia pamoja na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Tunapokewa kwa furaha, tunakaribishwa chai, tunasali. Kisha kiongozi anauliza kwa upole: "Na ndoa je, mmefikia wapi?" Baba anamtazama mama, mama anatazama chini. Jibu tunalolisikia nyumba baada ya nyumba ni hilo hilo: "Frateri, mtuombee. Bado tunajipanga."

Watoto wamekwisha kubatizwa, na wa kwanza anajiandaa kwa Komunyo ya Kwanza. Wazazi wameishi pamoja miaka kumi au zaidi. Wameuguzana, wamevumiliana, wamejenga. Ukiuliza wanajipanga kwa lipi, husikii shaka juu ya upendo wao wala juu ya mafundisho ya Kanisa. Unasikia habari za ukumbi, gauni, keki, mshereheshaji, na idadi ya watu wa kulisha.

Lugha yetu ina maneno mawili, nayo yanatosha kutufundisha. Kuna ndoa na kuna harusi. Harusi ni sherehe ya siku moja. Ndoa ni agano la maisha. Siku hizi tumeyachanganya hadi yule asiyeweza kugharimia harusi anajiona hana haki ya kufunga ndoa. Kwanza mahari, kisha kichenpati, kisha sendofu, kisha harusi yenyewe, na kila hatua ina kamati yake, vikao vyake na kadi zake za mchango. Mwenye kipato kidogo anatazama ngazi hiyo ndefu na kuamua kubaki chini.

Kanisa halijawahi kudai ngazi hiyo. Kwa Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kinachofanya ndoa ni ridhaa ya wawili wasio na kizuizi (kanuni 1057). Kwa kawaida ridhaa hiyo hutolewa mbele ya Askofu, Paroko, au padre ama shemasi aliyepewa mamlaka, pamoja na mashahidi wawili (kanuni 1108). Maandalizi ni ya lazima, na hayo tusiyafupishe kamwe. Lakini hakuna kanuni inayotaja suti za kufanana wala msafara wa magari.

Papa Fransisko aliliona jambo hili. Katika wosia wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, anataja kwamba katika baadhi ya nchi watu wengi wanaishi pamoja bila ndoa hasa kwa sababu sherehe inaonekana ghali mno (namba 294). Tena anawahimiza wachumba wawe na ujasiri wa kuwa tofauti, wachague sherehe ya kiasi na kuutanguliza upendo (namba 212).

Tuseme pia ukweli wa upande wa pili. Si kila anayesema "tunajipanga" amezuiwa na fedha. Wapo wenye vifungo vya ndoa ya awali, wapo wanaohofia agano la kudumu, wapo ambao wazee wa pande mbili hawajaelewana. Hao wanahitaji mchungaji mwenye subira, si hesabu rahisi. Wala hatudharau mchango. Kuchangiana ni mila njema. Kunaunganisha koo mbili na kumwambia kijana kwamba hayuko peke yake. Lakini mchango uliokusudiwa kumbebea mtu mzigo haupaswi kugeuka mzigo wenyewe, hata maharusi wakaianza ndoa kwa kulipa madeni ya ukumbi.

Na hapa tujitazame sisi wenyewe, kabla hatujawanyoshea waamini kidole. Sherehe zetu za upadrisho na za jubilei nazo zina kamati, vitenge vya sare, na hesabu za wageni. Mwamini anayetuona tukiingia katika Daraja Takatifu kwa fahari hiyo atatuaminije tukimwambia kwamba sakramenti haihitaji makuu? Pia tuangalie ofisi zetu za parokia. Kanuni 848 inakataza kudai zaidi ya sadaka iliyopangwa, na inaagiza kwamba mhitaji asikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Kama gharama za mapambo na kwaya zinamfanya maskini aone aibu kubisha hodi, tumeshiriki kuufunga mlango.

Tunaona mambo matatu yanawezekana bila kusubiri barua ya mtu. Kwanza, Paroko atangaze mara kwa mara kwamba ndoa inaweza kufungwa katika Misa ya kawaida, na kwamba watakaohitaji waandaliwe pamoja na kufunga ndoa pamoja. Pili, Jumuiya ikubali kuwa kamati: wanajumuiya wapike wali na maharage, waimbe, wawasindikize maharusi nyumbani. Tatu, wenye uwezo waanze. Familia yenye fedha ikichagua harusi ya kiasi, inamwondolea jirani yake maskini aibu ambayo mahubiri yetu hayawezi kumwondolea.

Tunaikumbuka harusi ya Kana (Yn 2:1-11). Mwinjili hakutuandikia majina ya maharusi wala waligharimia kiasi gani. Alichoandika ni kwamba divai ilipungua, aibu ikawa mlangoni, na kwamba Yesu na Mama yake walikuwepo kwa sababu walialikwa. Sisi tumejifunza kuhakikisha vinywaji havipungui, huku tukimwacha Bwana asubiri mwaliko miaka kumi.

Kwa hiyo, wewe baba na wewe mama mnaosoma hapa na bado mnajipanga: miaka yote hiyo mmekuwa mkiitazama Meza ya Bwana kutoka kwenye benchi. Ikiwa kinachowazuia ni ukumbi tu, nendeni mkamwone Paroko wenu wiki hii. Mwambieni mna upendo, mna mashahidi wawili, na hamna fedha. Nasi tutakaopewa Daraja kesho, tuombe neema ya kuwapokea siku hiyo kwa furaha ile ile tunayowapokea wenye msafara.