Chama cha Vijana Si Mlango wa Mkopo

Imeenea katika miji yetu, kuanzia ofisi za kata hadi mabarazani kwa wazee, dhana ya kwamba chama cha vijana kisichokuwa na mradi wa kuingiza fedha ni kijiwe cha wavivu, na kwamba kijana mwenye akili, akitaka kuungana na wenzake, sharti kwanza aulizwe watafuga nini, watauza nini, na faida itaonekana lini. Mzazi humwambia hivyo mwanawe, afisa maendeleo huwaambia hivyo waliokuja kuomba usajili, na vijana wenyewe, kwa kulisikia neno hilo kila uchao, wamefika kulisadiki, hata hawaoni tena sababu ya kukutana isipokuwa ipo fomu ya kujazwa. Mimi nasema dhana hiyo ni batili, na madhara yake si madogo, kwa kuwa inawanyang'anya vijana mahali ambapo mtu hujifunza kutawala na kutawaliwa kabla hajakabidhiwa mamlaka yoyote ya kuwadhuru wenzake.

Wala lawama hii si ya leo. Vyama vya ngoma ya beni, vilivyoanza Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa na kuenea bara baada ya vita vya 1914, vilishutumiwa kwa maneno yaya haya: watawala waliona ni mchezo wa kuiga gwaride, na wamisionari pamoja na baadhi ya masheikh waliona ni israfu tupu. Lakini aliyevitazama kwa insafu angaliona kwamba ndani ya vyama hivyo, kama Marini na Arinoti, mlikuwa na vyeo na daraja, na michango, na adabu ya kumtii aliyechaguliwa. Angaliona pia kwamba mgeni aliyeingia mjini pasipo jamaa alipata watu wa kumpokea, na aliyefikwa na msiba alipata watu wa kuzika naye. Ni kweli mashindano yao yalikula fedha nyingi, na mara nyingine yalizaa uhasama. Walakini hata kushindana na mtu mwaka mzima kisha ukaishi naye mtaa mmoja ni elimu, na haipatikani katika andiko la mradi. Kadhalika vijana wa Unguja walioasisi Akhwan Safaa mwaka 1905 waliungana kwa mahaba ya taarabu, si kwa tamaa ya tija, na chama chao kimevuka utawala wa masultani na Mapinduzi ya 1964, na hata leo kingalipo.

Hata Bibi Titi Mohamed, kabla hajajulikana katika majukwaa ya TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, Dar es Salaam; na alipotwikwa mwaka 1955 kazi ya kuwaingiza wanawake katika chama, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, ambao kila mmoja alikuwa na watu wake wanaomwamini na waliokwisha kuzoea kuitana, kuchanga na kuitikia. Nani angalithubutu kuwaambia wanawake wale, miaka michache nyuma, kwamba ngoma yao haina faida mpaka waanzishe duka?

Ithibati iliyo kubwa kuliko hizo ni ya African Association, iliyoasisiwa Dar es Salaam mwaka 1929, mwalimu Cecil Matola akiwa rais wake na Kleist Sykes katibu. Waliokusanyika pale aghalabu walikuwa makarani na walimu, watu wa mishahara midogo, ambao kwa muda wa miaka zaidi ya 20 walikutana, wakaandika barua kwa serikali ambazo mara nyingi hazikujibiwa kwa namna waliyoitaka, wakabishana, wakazorota, wakaamka tena. Kwa mizani ya leo, chama hicho kingalihesabiwa kuwa kimekufa mara nyingi. Ikafika Aprili 1953, na katika ukumbi wa Arnautoglo wanachama wakamchagua kuwa rais Julius Nyerere, mwalimu wa miaka 31 aliyekuwa amerejea kutoka Edinburgh mwaka uliotangulia, na aliyeshindwa alikuwa Abdulwahid Sykes, kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 30, mtoto wa katibu wa kwanza, mzaliwa wa mji huo, mwenye kila sababu ya kukiona chama kuwa ni urithi wa nyumba yao. Naomba msomaji atulie hapa, maana hapa ndipo ilipo hoja yangu yote. Yule aliyeshindwa alibaki. Na tarehe 7 Julai 1954, chama kilipogeuzwa kuwa TANU, alikuwa miongoni mwa waasisi 17 waliokaa pamoja na yule aliyemshinda.

Muruwa wa namna hiyo haushuki kwa mtu siku ya uchaguzi mkuu. Hupatikana kwa kushindwa katika mambo madogo, mbele ya watu unaowajua kwa majina, ukajikuta wiki inayofuata umeketi nao tena na hakuna kilichokupungua. Hupatikana kwa kushika daftari la ada ya shilingi mia tano tano na kuulizwa mbele ya wote, bila kuonewa haya, mia tano ya fulani iko wapi. Na kwa kuzoea kwamba mkutano usiotimia akidi hauamui neno, hata kama waliohudhuria ni marafiki watupu na wote wana rai moja. Kijana aliyepita huko akija kuwa diwani, tutakuwa na mtu anayejua mamlaka yana mpaka.

Nitaambiwa kwamba vijana wana njaa, na mwenye njaa halishwi kwa muhtasari wa mkutano. Hilo ni kweli, wala silidharau. Ukosefu wa kazi ni dhiki inayovunja nyumba. Lakini na tutazame nini kilichowapata vijana tulipowafundisha kuungana kwa ajili ya fedha peke yake. Sheria ya Tanzania, tangu mwaka 2018, inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Nia yake ni njema kabisa. Hata hivyo ripoti za Mkaguzi Mkuu zilifichua madeni mengi yasiyorejeshwa na vikundi visivyoonekana tena, na Aprili 2023 Serikali ikalazimika kuisimamisha mikopo hiyo ili itengeneze utaratibu mwingine, ikaja kurejea mwaka uliofuata. Walaji rushwa wana sehemu yao katika hasara hiyo, na wabebe mzigo wao. Lakini palikuwa pia na vikundi vya kweli, vya watu wa kweli, waliokusanywa wiki moja kabla ya fomu kufungwa, wasiojuana tabia, wasiowahi kumwondoa kiongozi wala kukataliwa hoja, wakakabidhiwa mamilioni. Wangaliaminiana kwa lipi?

Kwa hiyo afisa anayepokea maombi ya kikundi na aombe kwanza daftari la mikutano, asome walichobishania na jinsi walivyokimaliza, ndipo afungue andiko la mradi. Halmashauri nazo, ambazo zina kumbi na madarasa yanayofungwa tangu alasiri, ziyafungue jioni kwa vijana wanaotaka kusoma pamoja, kuimba, kucheza bao au kujadili maji ya mtaa wao, bila kuwatoza kodi wala kuwadai ripoti. Na mzazi ambaye binti yake amechaguliwa katibu wa chama kisicho na senti benki, asimwulize chama hicho kinalipa nini. Amwulize hoja gani ilishindwa katika mkutano uliopita, na kama aliyeitoa atahudhuria unaokuja.